Kuziba tundu la ufunguo: niliyowaambia vijana wa maabara Mwanza

(Hotuba hii niliitoa asubuhi moja hapa Mwanza kwa vijana wanaosoma mambo ya maabara na udaktari, na wazazi kadhaa waliokuja nao. Watu wameomba niiandike. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, mahali nilipojikwaa nimenyoosha kidogo.)

Mwangaluka! Shikamooni wazazi wangu, na nyie wadogo zangu hamjambo. Wabeja sana kwa kunikaribisha.

Mimi nimekulia Igombe, ufukweni kabisa, nyumbani kwetu ukifungua mlango wa nyuma unaona mitumbwi. Kwa hiyo kichocho kwetu haikuwa habari ya kitabuni. Tulioga ziwani, tulichota maji ziwani, tulifua ziwani, na kila mwaka shuleni tulipimwa urefu kwa ule mti wenye alama tukapewa vidonge vya prazikwanteli tukiwa tumeshiba uji. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu wa karabai, usiku kucha yuko majini kwenye giza la mwezi. Tumbo lake lilianza kujaa, baadae akatapika damu, siku moja tu, damu nyingi sana, akapelekwa hospitali na hakurudi. Nilikuwa kidato cha pili. Daktari mmoja akamwelezea mama kitu ambacho mama alikirudia nyumbani bila kukielewa na mimi nikakibeba mpaka leo: alisema sio mdudu aliyeharibu ini la kaka yako, ni mwili wake wenyewe ukipigana na mayai ya mdudu.

Hebu kaeni na hiyo sentensi kidogo. Minyoo ya kichocho dume na jike wanakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, jike anataga mayai kila siku, mengine yanatoka na choo na mengine yanasombwa na damu yanaenda kukwama kwenye ini, na pale yalipokwama seli za kinga zinakuja kulizunguka kila yai, zinajenga kama ukuta, tunaita granuloma, na baada ya miaka zile kuta zinaacha makovu na damu inakosa njia ya kupita kwenye ini. Presha inapanda kwenye mishipa ya tumboni na kwenye koo la chakula, siku moja inapasuka. Ndo kilichomuua mjomba.

Sasa swali langu la kitoto lilikuwa hili: nani anatoa amri? Hilo jeshi linalojenga ukuta kwenye ini, nani analiambia anza, nani analiambia basi inatosha? Nimetumia miaka yangu ya masomo kutafuta jibu la hilo swali, na kifaa nilichotumia zaidi ndo nataka niwaeleze leo, kinaitwa antibodi ya kuzuia, na nilikitumia kwenye panya.

Mnalijua sanduku la kikundi? Akina mama hapa mnalijua vizuri kuliko mimi. Lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na mweka hazina analala na sanduku nyumbani lakini hana ufunguo hata mmoja. Mtu mmoja hata awe mwaminifu vipi hawezi kulifungua peke yake. Seli T, ambazo ndo makamanda wa kinga, zimefungwa hivyohivyo. Kufuli ya kwanza ni kipokezi chake, kinaonyeshwa kipande cha adui na seli nyingine iliyokibeba juu ya uso wake, yaani kama mtu anayekuletea ushahidi mkononi. Hiyo peke yake haitoshi! Lazima kuwe na ishara ya pili, na hapo kuna molekuli kwenye seli T inaitwa CD28, inashikana na molekuli nyingine kwenye ile seli iliyoleta ushahidi, inaitwa B7. Hizo B7 ziko mbili ndugu, CD80 na CD86. Kufuli ya tatu ni kemikali zinazomwagwa pale karibu, saitokaini, zinaiambia seli T igeuke askari wa aina gani.

Na kitu ambacho mimi kilinishtua nilipokisoma mara ya kwanza ni kwamba ufunguo wa kwanza ukizungushwa peke yake bila wa pili, seli T haikai tu kusubiri, inapoa. Jenkins na Schwartz walionyesha hilo mwaka 1987, ile seli ikishapata ishara moja bila ya pili inaingia kwenye hali ya ganzi, na hata baadae ukiiletea funguo zote mbili inakuwa nzito kuamka. Fikirieni maana yake. Maana yake mwili una njia ya kuzinyamazisha seli zake bila kuziua, na ukiijua hiyo njia unaweza kufikiria figo iliyopandikizwa isikataliwe, unaweza kufikiria kisukari cha utotoni, unaweza kufikiria ini la mvuvi.

Haya, utajuaje kwamba ni CD86 inayofanya kazi na sio CD80, au sio kitu kingine kabisa? Unaziba tundu. Antibodi ni protini ambayo mwili unaitengeneza ikamate kitu kimoja tu, kimoja haswa, na mwaka 1975 kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kuitengeneza antibodi ya aina moja bila kikomo: wanachukua seli inayotoa antibodi kutoka kwenye wengu la mnyama aliyechanjwa, wanaiunganisha na seli ya saratani ambayo haichoki kugawanyika, inazaliwa seli mpya inaitwa hibridoma, inaishi kwenye chupa na inatema antibodi ileile miaka nenda rudi. Walipata Nobel 1984 pamoja na Niels Jerne. Kwa panya kuna kikwazo kimoja, panya kwa kawaida hatengenezi antibodi dhidi ya vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo ukitaka antibodi inayokamata B7 ya panya unamchanja mnyama mwingine, panya mkubwa wa maabara au hamsta. Ndo maana antibodi ya CD86 tunayoitumia sana, inaitwa GL1, imetoka kwa panya mkubwa, na ya CD80, inaitwa 16-10A1, imetoka kwa hamsta. Hayo majina ni kama namba za usajili wa mitumbwi, mtu yeyote duniani ukimtajia GL1 anajua ni antibodi gani.

Unaichukua, unamdunga panya tumboni. Panya mzima ana uzito wa gramu 20 mpaka 25 hivi, dozi ambayo watu wengi wanaanzia nayo ni kama mikrogramu 200, unarudia kila baada ya siku mbili tatu kutegemea na jaribio. Antibodi inazunguka kwenye damu, inakwenda kukaa juu ya CD86, na CD28 ikija inakuta nafasi imeshachukuliwa. Kama ugonjwa ukibadilika, unaanza kuamini CD86 ilikuwa na mkono wake pale.

Unaanza kuamini. Sijasema umejua, na hapa naomba niende taratibu kwa sababu ndo sehemu iliyonigharimu machozi.

Jaribio langu la kwanza kabisa la kwangu mwenyewe, nje ya nchi, niliwachanja panya protini ya yai la kuku halafu nusu yao nikawapa antibodi ya kuzuia CD86 na nusu nikawapa maji ya chumvi. Matokeo yalitoka mazuri mno. Seli T za wale waliopewa antibodi zilikuwa zimelala, grafu inashuka vizuri kabisa, nikapiga simu nyumbani nikamwambia mama nimepata kitu. Jumatatu mwalimu wangu akaangalia grafu kwa muda mrefu akauliza swali moja tu, umelinganisha na nini? Nikasema maji ya chumvi. Akanyamaza. Nikarudia lote upya, safari hii wale wa kulinganisha wakapewa antibodi nyingine kutoka kwa mnyama yuleyule, ya daraja lilelile, dozi ileile, tofauti yake ni kwamba haikamati kitu chochote ndani ya panya, hiyo ndo inaitwa kontroli ya isotaipu. Na sehemu kubwa ya ule upungufu niliouona ukatokea hata kwao. Yaani panya wangu walikuwa wanaitikia kudungwa protini ya kigeni mara nne, CD86 ilikuwa na mchango lakini mdogo kuliko nilivyomwambia mama. Wiki kadhaa za kazi, na panya waliokufa kwa swali nililouliza vibaya. Hilo la panya liliniuma kuliko la grafu. Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba anayetumia wanyama anapaswa kubadili njia akiweza, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu, na mimi naongezea kwa uchungu wangu: ukisahau kontroli umewaua bure.

Kuna mitego mingine, nitaipita haraka. Antibodi ya hamsta ni kitu kigeni kwa panya, kwa hiyo ukimdunga wiki nyingi yeye naye anaanza kutengeneza antibodi dhidi ya antibodi yako, inaondolewa kwenye damu, na wewe unaendelea kuandika kwenye daftari kwamba umezuia wakati huzuii kitu tena. Pima damu. Halafu chupa ikiwa na endotoksini, yale mabaki ya bakteria, umewasha moto uleule unaojaribu kuuzima. Na uhifadhi jamani, antibodi nyingi zinakaa kwenye nyuzi 4, kuganda na kuyeyuka mara kwa mara kunaziharibu, kwa hiyo hapa kwetu umeme ukikatika usiku lazima kuwe na mtu anayejua na kitabu kinachoandika ilikatika saa ngapi.

Mtego mkubwa zaidi ni kudhani kila antibodi inazuia. Antibodi ina mikono miwili ya kukamata na mkia mmoja. Kwa ule mkia inaweza kuita seli nyingine zije zimuue aliyekamatwa, hapo hujaziba tundu, umebomoa nyumba yote. Na nyingine ikikamata inasukuma badala ya kuzuia, yaani inazungusha ufunguo yenyewe. Machi 2006 kule London vijana sita wa kiume wenye afya walijitolea kujaribiwa dawa inaitwa TGN1412, ilikuwa antibodi ya CD28, lakini ya kuwasha, kuwasha kwa nguvu bila hata kuhitaji ishara ya kwanza. Kwa wanyama ilikuwa imeonekana salama. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, viungo vinagoma. Walinusurika wote, namshukuru Mungu, lakini naombeni mtu anapokuambia kitu fulani ni antibodi ya CD28 usikubali kuishia hapo, uliza inazuia au inawasha, na umejuaje.

Sasa kuna hadithi ya CTLA-4 ambayo mimi naipenda sana. Hii ni molekuli nyingine ya seli T, inafanana na CD28 na inashikana na B7 zilezile, tena inazishika kwa nguvu zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1990 watu walibishana kweli, hii ni mafuta au ni breki? Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Bluestone walichukua antibodi ya CTLA-4 wakatumia vipande vya mikono yake tu ambavyo vinaziba bila kusukuma, na seli T zikaongezeka kugawanyika. Umeziba kitu na gari limeongeza kasi, basi hicho kitu kilikuwa breki. Mwaka 1995 panya waliozaliwa bila CTLA-4 kabisa wakafa wakiwa na wiki tatu nne, seli zao zimejaa kila kiungo. Mwaka 1996 James Allison na wenzake wakawapa antibodi hiyo panya wenye uvimbe wa saratani, na uvimbe ukakataliwa. Kutoka pale ikaja dawa ya binadamu, ipilimumab, ikaidhinishwa Marekani 2011 kwa saratani ya ngozi, na Allison akapata Nobel 2018 pamoja na Tasuku Honjo wa Japani. Yote hiyo imetoka kwa watu waliobishana kuhusu tundu moja na wakakubali kuliziba ili waone.

Lakini nisiwape picha kwamba jibu linakuja limenyooka. Mwaka huohuo wa 1995 kulitoka kazi mbili. Moja ilikuwa kwenye panya wenye ugonjwa unaofanana na ule wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, wakaziba CD80 ugonjwa ukapungua, wakaziba CD86 ugonjwa ukazidi. Nyingine ilikuwa kwenye panya wa NOD wanaopata kisukari wenyewe, wakaziba CD86 mapema kisukari kikazuilika, wakaziba CD80 kikaja haraka zaidi! Kinyume kabisa. Na kwa wale wa kisukari, ukichelewa mpaka panya wamepita wiki kumi, kuziba hakusaidii kitu. Nilipokuwa mwanafunzi hilo lilinikera, nikadhani mmoja wao amekosea. Siku hizi naona wote walisema kweli. Ndugu wawili hawafanyi kazi moja kila mahali, inategemea ni seli gani imewabeba, ni wiki ya ngapi, na ni nani mwingine anatumia hiyohiyo B7, maana ukiiziba B7 umemnyima CD28 na umemnyima pia CTLA-4, umeondoa mafuta na breki kwa mkupuo mmoja.

Na panya sio mtu. Mwaka 1996 panya walipandikizwa ngozi na moyo wa panya wengine, wakapewa antibodi ya kuzuia CD40L, molekuli nyingine ya ishara iliyo kwenye seli T, pamoja na kizuizi cha B7, na vile viungo vikakaa muda mrefu sana, watu walifurahi mno. Walipoipeleka antibodi ya CD40L kwa binadamu ikaleta damu kuganda kwenye mishipa, kwa sababu chembe zinazogandisha damu nazo zimebeba CD40L. Kizuizi cha B7 chenyewe kilifika salama, leo dawa za aina hiyo ziko mbili, abatacept inawatibu wenye baridi yabisi tangu 2005 na belatacept inawasaidia waliopandikizwa figo tangu 2011.

Turudi Igombe sasa. Turudi kwenye ini.

Panya anaweza kuambukizwa kichocho hikihiki cha tumbo, unamwekea vimelea kutoka kwa konokono, mayai yanaanza kama wiki ya tano, na ikifika wiki ya nane ini limejaa granuloma. Kuna molekuli ndugu wa CD28 inaitwa ICOS, nayo inatoa ishara ya pili, na inahusika sana na seli T zinazotawala kwenye kichocho. Mimi ningekuuliza kabla hujasoma popote, ukiziba ICOS ini litakuwaje? Nilijibu kwa moyo wangu wote kwamba litapona, umepunguza ishara, umepunguza jeshi, umepunguza ukuta. Watafiti kule Marekani walishafanya hilo na kulichapisha mwaka 2003, na ini likawa baya zaidi. Uvimbe kuzunguka mayai uliongezeka na interferoni gama, moja ya zile saitokaini, ikapanda. Ile njia niliyodhani ni ya kuchochea ilikuwa inasaidia kushika mizani, ikizibwa mapigano yanageuka kuwa ya aina kali zaidi.

Niliposoma ile karatasi nilifikiria daktari wa mjomba. Mwili wake wenyewe, alisema. Ndiyo, lakini mwili huohuo pia ulikuwa unamlinda miaka yote ile, kwa sababu yai lisipozungushiwa ukuta kabisa sumu zake zinaua seli za ini zilizo jirani. Kwa hiyo ninachokitafuta sio kulizima jeshi. Natafuta kufuli ipi, kwa wiki ipi, ipunguze kovu bila kumwacha mtu wazi. Na naamini kabisa hilo swali linatakiwa kuulizwa na watu walioona tumbo la mvuvi kwa macho yao. Mji huu una hospitali ya Bugando, una chuo cha afya, una kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, una vijana mliokaa hapa. Mjifunze kuuliza vizuri, hata kabla hamjashika panya.

Baada ya hapo wakaniruhusu maswali. Mama mmoja wa Kayenze alisimama, kitenge kimefungwa vizuri, akasema mwanangu nimekusikiliza mwanzo mpaka mwisho, hiyo antibodi naweza kuipata lini, mume wangu tumbo limeanza kujaa. Nilishuka jukwaani nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwambia mama, hiyo bado, hata mimi sijui kama itafika na sitaki nikudanganye, lakini usisubiri hiyo. Mlete baba hospitali wiki hii apimwe ini kwa utrasaundi, apewe prazikwanteli iue minyoo iliyobaki isitage zaidi, na kama mishipa ya kooni imevimba madaktari wana njia ya kuizuia isipasuke. Akaniuliza nauli ya daladala mpaka mjini nikamwambia tutazungumza tukitoka, na tulizungumza.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili akauliza, dada, kama ni mimi narudia hilo la ICOS hapa, nahitaji vizimba vingapi? Sikumjibu. Nikampa chaki. Akasimama mbele ya ubao kama dakika nzima, akachora viwili, mwenye kichocho aliyezibwa ICOS na mwenye kichocho aliyepewa maji. Wenzake wakaanza kunong'ona, msichana mmoja nyuma akasema kwa sauti, futa maji! Akafuta, akaandika isotaipu. Akarudi nyuma akaangalia. Halafu akachora vingine viwili chini yake, panya wasio na kichocho, mmoja amezibwa na mmoja isotaipu, akanigeukia akaniuliza, na hawa damu tunawapima wiki ya ngapi?